Ma mdogo, usianze na ukuta

Shikamoo ma mdogo. Dada kaniambia kile kiwanja chako cha Kayenze umeamua kujenga nyumba ya kuishi watu wenye ulemavu, mwanao na wenzake, na fundi ashaambiwa aanze na ukuta na geti. Nakuandikia hapa wazi maana wazazi wengi huku kanda ya ziwa wana hofu kama yako, ile ya nikifa mimi huyu atabaki na nani.

Wazo nakuunga mkono kabisa, ila ukuta hapana. Yule kijana wako asubuhi anashuka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kusaidia kina mama kuanika dagaa, anawageuza taratibu kwa mkono mmoja maana ule wa kushoto hauna nguvu, wakimaliza anapimiwa kisado chake, na siku asipotokea wanamuulizia mpaka nyumbani. Ukishamfungia ndani na mlinzi getini nani atamuulizia tena?

Wazo kama lako wenzetu washalifanya. Camphill, jumuiya ambazo wenye ulemavu na wasio nao wanaishi pamoja, ilianza Scotland, daktari Karl König alikimbia Wanazi kutoka Austria, yeye na wenzake wakaanza kuishi na watoto wenye ulemavu karibu na Aberdeen, wanakula pamoja wanalima pamoja. L'Arche nayo ni Ufaransa 1964, Jean Vanier aliwatoa wanaume wawili kwenye taasisi wakaishi naye nyumba ya kawaida tu kijijini, leo L'Arche ipo mpaka Kenya na Uganda. Lakini hapa nisikilize vizuri: Vanier alifariki 2019, mwaka uliofuata shirika lenyewe likatoa ripoti kwamba aliwanyanyasa wanawake kingono kwa miaka mingi, na watu walikuwa wanamuona kama mtakatifu! Ndo maana nasema hata wewe tunayekupenda usishike kila kitu peke yako, weka kamati, wenye ulemavu wenyewe wawemo, hesabu zisomwe mbele ya watu, na awepo mtu wa nje anayeruhusiwa kuingia muda wowote akaongea nao faragha.

Halafu mwanao umemuuliza anataka kukaa na nani? Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu 2009, na ibara ya 19 inasema ni haki yao kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye. Muulize, anajibu vizuri tu akipewa muda.

Fundi mwambie aachane na ukuta, hiyo hela iongeze vyumba viwili na choo kipana ambacho kitimwendo kinageuka ndani. Ukikubali nakuja tukae naye tuchore upya.