Kwa mdogo wangu: kidole chako kilikuwa kinavuta nini?

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unasomwa bila jibu. Basi naandika hapa, mahali ambapo najua hupitwi na kitu. Wengine wakisoma, wasome.

Ya ruta, kile kifaa cha intaneti ya nyumbani nilichokichomoa usiku ule, nitayafikia. Naanza na kidole.

Ile jioni baba alikuwa ameegemea mito miwili, na wewe ndiye uliyekuwa umekaa karibu naye kuliko sisi sote. Akaanza, "Ile siku nilipokuacha kwa shangazi yenu, sikuwa..." Simu ilikuwa juu ya goti lako la kulia. Kidole gumba kikauvuta ukurasa kwenda chini, kikaachia. Kile kiduara kikazunguka, kikapotea, picha zikabaki zilezile. Ukavuta tena. Nilihesabu mara saba. Baba akanyamaza, akakutazama, kisha akaomba maji. Ulimletea, tena ulimshikia kikombe vizuri, kwa mkono mmoja. Sentensi ile hakuirudia tena.

Msibani nilisema mbele ya watu kwamba hukumpenda. Hilo nalifuta, maana si kweli, na nilikuwa najua si kweli wakati nalisema.

Nitakueleza kilichokuwa kinakuvuta. Mwanasayansi Wolfram Schultz alipima seli zinazotoa dopamini, kemikali ya kupashana habari ndani ya ubongo, kwa nyani waliokuwa wakipewa matone ya juisi. Mwanzoni seli zilisisimka juisi ilipofika mdomoni. Nyani walipokwisha kujua kwamba ishara fulani huitangulia juisi, msisimko ukahamia kwenye ishara. Juisi ikija kama ilivyotarajiwa, seli hazina habari nayo. Ishara ikija na juisi isije, seli hupoa kuliko kawaida yake. Kwa hiyo wanaoiita dopamini "homoni ya raha" wanakosea. Kazi yake kubwa hapa ni kuufundisha ubongo: hapa pana kitu kuliko ulivyodhani, rudi tena. Ndiyo maana kidole chako kilivuta mara saba na usoni hapakuwa na furaha hata chembe. Nilikutazama. Ulikuwa kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Na kinachoshikilia tabia hiyo ni "labda". Ungekuta kipya kila unapovuta, ungetosheka. Usingekuta kamwe, ungeacha. Wanasaikolojia Ferster na Skinner walilionyesha hili kwa njiwa, wakalichapisha mwaka 1957: malipo yanayokuja bila kutabirika humfanya mnyama aendelee kudonoa muda mrefu hata malipo yakikatwa kabisa. Ongeza ukurasa usio na mwisho, uliobuniwa na mtengeneza programu Aza Raskin mwaka 2006, ambaye baadaye alijutia hadharani. Kitabu kina mwisho wa sura, gazeti lina ukurasa wa nyuma, lakini pale hakuna mahali ambapo macho yanaambiwa basi, inatosha.

Nilipokugusa bega ulisema, "Nasikia, nasikia." Hukuwa unasikia. Kusoma maneno na kusikiliza maneno hugombania mlango mmoja wa ubongo, na mwenye kudhani anafanya yote mawili kwa kweli anarukaruka kati yake. Kila mruko una gharama. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 juu ya mabaki ya umakini: ukiiacha kazi moja kabla haijaisha, sehemu ya akili hubaki kule. Gloria Mark, aliyekuwa akipima watu kazini, mwaka 2004 alikuta wanakaa kwenye skrini moja kwa wastani wa dakika 2 na nusu kabla ya kuhama. Vipimo vya miaka ya karibuni vinaonyesha sekunde 47 hivi. Baba alikuwa anasema neno moja, anapumzika, anasema lingine. Sekunde 47 zisingetosha kumsikiliza.

Lakini usiwaamini pia wanaokutisha kwamba mtandao umekuozesha ubongo, wala usijibandike jina la mraibu kabla ya kupimwa na mtu anayejua. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limetaja tatizo la michezo ya kidijitali, na limeweka masharti: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote, anaendelea ingawa unamharibia maisha, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kuvuta ukurasa hakumo. Yako ni mazoea, na mazoea yana viungo vinavyoweza kufunguliwa kimoja kimoja.

Anza na arifa. Ingia kwenye mipangilio, pitia programu moja baada ya nyingine, ubakishe simu na ujumbe wa watu unaowafahamu. Kuzima mlio peke yake hakusaidii, maana kile kinamba chekundu kwenye pembe ya alama ya programu nacho ni ishara, kama ile ya nyani. Kizime nacho. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba arifa huharibu kazi inayohitaji umakini hata kama mtu hakuigusa simu.

Pili, weka kizuizi kati ya kidole na ukurasa. Futa programu ile, uwe unaingilia kwenye kivinjari, na kila ukimaliza utoke kwenye akaunti ili kesho uandike nywila upya. Usiiruhusu simu ikukumbukie nywila, hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Sekunde 10 za kuandika zinatosha akili kuuliza, nimekuja kutafuta nini? Skrini uigeuze ya kijivu kwenye mipangilio ya ufikivu (Accessibility), picha zipoteze mng'ao wake.

Usiku, chaja ikae chumba kingine na ununue saa ya kengele. Ndani ya jicho, upande wa nyuma, kuna seli zinazoitikia zaidi mwanga wa buluu, na ndizo zinazouambia ubongo kama bado ni mchana ili uzuie melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, waliosoma kwenye skrini angavu kwa muda wa saa 4 kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10 kuliko waliosoma kitabu cha karatasi. Unaona ni dakika 10 tu. Kwa hiyo usitegemee kichujio cha simu kinachoigeuza skrini kuwa ya njano kikuokoe. Saa mbili zako za usingizi zinaliwa na kile unachokisoma.

Siku za kwanza mkono utakwenda mfukoni wenyewe, na utahisi simu inatetemeka wakati haipo. Usiogope. Na usipange kwa maneno mapana kama "nitapunguza". Panga hivi: nikikaa na mtu, simu inaingia kwenye begi na begi linafungwa. Watafiti wa London waliofuatilia watu wakijenga tabia mpya walikadiria kwamba inachukua wastani wa siku 66, wengine 18, wengine 254. Ukiteleza siku moja, endelea kesho yake. Aliyeteleza siku moja hajarudi mwanzo.

Sasa ruta. Tabia ikikatiwa malipo ghafla, mara nyingi kwanza hupanda, ndipo ishuke. Ndiyo maana usiku ule ulizunguka nyumba nzima umeinua simu juu ukitafuta mtandao, na ndiyo maana ulipiga kelele vile. Mtu anayejua mambo haya hamkatii mwenzake ghafla tena bila kumwambia. Nilijua, na nikauchomoa waya. Kazi yako uliyokuwa unaituma ikapotea, na kwa hilo nisamehe. Lakini mama alikuwa na siku mbili hajalala, na mwanga wa skrini yako ulikuwa unampiga usoni kila unapogeuka. Nilikuomba mara tatu kwa sauti ya chini. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nani mwingine angechomoa? Mpaka leo wote wananiambia nilikosea, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala chumba kile.

Hayo ndiyo yanayonichosha, mdogo wangu. Najua kwa nini kidole kilivuta. Ningeweza kulieleza darasani hatua kwa hatua, na bado moyo haujakubali zile mara saba.

Mwezi ujao baba anatimiza mwaka tangu atutoke. Njoo. Simu yako na yangu tutaziacha chumba cha pili. Nimeiandika ile sentensi kwenye karatasi mpaka pale ilipokatika, kwenye "sikuwa". Wewe ulikuwa karibu naye kuliko mimi. Huenda uliona midomo yake ikianza neno lililofuata.

Kaka yako.