Dada, kufuli lako nililikata mimi

Dada yangu, shikamoo.

Kwenye kundi la familia ulijitoa siku ileile tulipovunja kikoba chetu cha kuweka na kukopa, simu yangu hupokei, na salamu zangu anazokufikishia mama mdogo unazijibu "haya", basi. Lakini binti yako kaniambia kwamba huku bado unapita kusoma. Nimeona niandike hapa hapa. Wapita njia watatuvumilia.

Arobaini ya Mama imeisha salama. Ulichotuma kilifika, pilau lilitosha mpaka la kubeba, na barabara ya kumi na mbili ilikuja yote, hata yule mama wa vitumbua uliyedhani kahama Tanga. Baada ya kisomo nilikaa na mama mdogo kupanga vitu vya marehemu. Chini ya godoro, ndani ya ile kanga ya manjano uliyomletea safari yako ya mwisho, tukakuta kitabu chake cha hisa. Kile cha kikoba. Siku ya kuvunja hakukirudisha, na mimi mwenyekiti sikuwa na uso wa kumdai.

Unakumbuka Mama hakujua kusoma, lakini mihuri yake, kila muhuri hisa moja, hakuna mtu aliyemhesabia. Wino wa zambarau umevuja kutoka ukurasa huu hadi ule, na kwenye kona ya kila ukurasa uliojaa ametoboa tundu kwa pini. Nilipopapasa kona zile ndipo nilipoelewa: alikuwa anahesabu usiku, gizani, kwa kidole. Mama mdogo alilia. Mimi nikatoka nje.

Nje huko nikaisikiliza tena sauti yako uliyotutumia siku ile. Sijaifuta. Dakika moja na sekunde kumi na mbili, kwenye kundi la watu thelathini na wanne: "Huyu ni kama wale wa benki ya watumwa huku Washington. Wamekula, wameshiba, ndipo wakafunga mlango kwa hiari yao." Ulipoituma, Mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu na simu ilikuwa kwenye spika. Ungeniita mjinga ningenyamaza, umenizidi miaka saba na ulinibeba mgongoni. Ungeniita mzembe ningekubali. Ulisema nimekula, Mama akisikia.

Na habari za benki hiyo nilizijua kupitia kwako, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ni wewe uliyenitumia picha ya jengo lile la Pennsylvania Avenue, jirani na Wizara ya Fedha, ukaniambia, "Mwenyekiti, tazama, na hawa walikuwa na kikoba chao." Tulikuwa tunacheka wakati ule. Nikaanza kusoma kwa sababu yako. Sasa umeichukua hadithi ileile ukanipiga nayo, na umeisema nusu.

Nikusimulie iliyobaki.

Benki ile, Freedman's Savings Bank, ilisajiliwa tarehe 3 Machi 1865, Rais Lincoln akatia saini, zikiwa zimebaki wiki chache auawe. Ilikuwa ya kuwekea akiba watu weusi waliotoka utumwani, wanajeshi na vibarua na wafua nguo. Mtu aliweza kuanza na senti tano. Walipofungua akaunti waliulizwa jina, umri, walikozaliwa, aliyekuwa bwana wao, wazazi, ndugu, na wapo waliotaja watoto na dada waliouzwa mbali wasijulikane waliko. Vitukuu vyao leo wanayapekua madaftari yale kutafuta majina ya mababu. Ikafika matawi 37. Serikali haikuidhamini, ila sura ya Lincoln ilikuwa kwenye vitabu vya akiba na watu waliamini kwamba nyuma yake iko serikali. Nani angewalaumu? Hata sisi, mtu akiona muhuri na sanduku la chuma anadhani pesa haiwezi kupotea.

Sheria ya mwanzo ilikuwa ngumu, na ilikuwa nzuri: akiba za watu zinunue hati za dhamana za serikali, zisikopeshwe ovyo. Mwaka 1870 sheria ikabadilishwa, ikaruhusu hadi nusu ya amana zikopeshwe kwa rehani za nyumba na ardhi. Hapo ndipo panapoliwa, dada. Mwenyekiti wa kamati ya fedha alikuwa Henry Cooke, ambaye kaka yake, Jay Cooke, alikuwa na kampuni kubwa ya fedha. Pesa za wafua nguo zikaenda kwenye kampuni ya kaka mtu, zikaenda na kwenye kampuni ya machimbo ya mawe ya Seneca ambayo Henry huyohuyo alikuwa na mkono ndani yake. Septemba 1873 kampuni ya Jay Cooke ikaanguka, na Marekani nzima ikayumba.

Sasa niambie, kwetu kanuni ilibadilishwa lini? Mkopo usizidi mara tatu ya hisa zako, wadhamini wawili, asiye mwanachama hakopi. Tuliiandika wote kwenye daftari la jalada jeusi, mwandiko ni wako. Na pendekezo la kukopesha nje ya kikundi, "pesa isilale tu sandukuni," lililetwa na nani? Simtaji mkopaji hapa, ana watoto na watoto hawana kosa. Lakini alikuja kwa mkono wako, na duka lake la vifaa vya ujenzi ulilisifia wewe. Mimi nilipiga kura ya ndiyo. Nakiri. Nilipiga ya ndiyo kwa kuwa ulisema wewe, na toka nikiwa mdogo ukisema jambo mimi huona limekwisha.

Rudi Washington. Machi 1874 wadhamini, yaani wasimamizi wa benki, wakamchagua Frederick Douglass awe rais wake. Aliyezaliwa mtumwa huko huko Maryland uliko, akatoroka, akawa msemaji wa watu weusi anayejulikana dunia nzima. Alikuwa akipita nje ya jengo lao na kuchungulia dirishani: ndani mbao za mjozi, meza za marumaru, makarani vijana weusi kalamu zikiwa masikioni na maua kwenye vifungo vya makoti. Alijivunia kama Mama alivyojivunia sanduku letu la buluu. Akaingia akiamini. Akaikopesha benki dola 10,000 zake mwenyewe, matawi ya kusini yapate pa kupumulia. Baada ya wiki chache tu akagundua kwamba akiba iliyopaswa kuwekwa pembeni imekwisha, na baadhi ya wadhamini waliomhakikishia kuwa mambo ni mazuri wameshahamisha pesa zao kwingine. Baadaye aliandika kwamba ni kama alikuwa ameozeshwa maiti.

Afanye nini? Angeweza kunyamaza. Mshahara upo, jina lipo, na senti tano tano zinaendelea kuingia kila asubuhi. Akaenda kwenye kamati ya fedha ya Seneti akasema benki hii si mahali salama tena pa kuweka pesa za watu wangu. Wadhamini wengine wakambishia mbele ya kamati hiyohiyo. Juni ikatoka sheria ya kuwaruhusu wadhamini kuifunga benki wakiona inafaa, na tarehe 29 Juni 1874 wakapiga kura ya kuifunga. Hiyo ndiyo "hiari" unayoisema. Wateja zaidi ya 61,000, karibu dola milioni 3. Waliokula walikuwa wamekwishaondoka na lawama ikabaki kwa mtu aliyekaa kiti miezi mitatu na kitu.

Ndiyo maana nasema hukunitendea haki. Umemtazama aliyefunga mlango, hukuwatazama waliotoka kabla haujafungwa.

Na mimi nifanye nini, dada? Mkopaji amefunga duka, simu haipatikani. Mabaraza mawili ya wazee yamekwenda hadi kwao yakarudi na ahadi. Nikapiga hesabu na mweka hazina usiku kucha. Tukiendelea miezi sita, wanaotaka mikopo watapewa kutoka kwenye hisa za wanaoweka, na wa mwisho kufika hatakuta kitu. Wa mwisho kufika siku zote alikuwa nani? Mama. Alikuwa anangoja wengine wamalize ndipo asimame. Nikasema tuvunje sasa, sandukuni kungali na kitu.

Tukaitisha mkutano Jumamosi. Na hapa ndipo penye kufuli.

Ulipoondoka nilikwambia uache ufunguo. Makufuli matatu, washika funguo watatu, ndiyo kanuni, ili mtu mmoja asiweze kufungua peke yake. Ukasema, "Desemba narudi," ukaondoka nao kwenye mkoba. Desemba nne zikapita. Tukawa tunafungua vipi? Unajua vipi, maana ulikubali mwenyewe: lile lako tulikuwa hatulifungi, linaning'inia tu. Ila siku ya mwisho ya mwezi ule mama mdogo, kwa mazoea, akalibana likajifunga.

Kwa hiyo siku ya kuvunja watu wamekaa jamvini, sanduku katikati, makufuli mawili wazi na lako limefunga. Nilikupigia mara nne. Kwenu ilikuwa saa nane usiku, hukupokea, sikulaumu. Wanawake wakaanza kutazamana. Nikamwita fundi wa baiskeli wa pale kona aje na msumeno wa chuma. Alikata kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani. Hakuna aliyesema neno, ni ule mkwaruzo tu, na unga wa chuma unamwagikia jamvi, na Mama anaukusanya kwa kiganja kidogo kidogo usije ukamchoma mtoto atakayekaa pale. Kuna aliyerekodi. Ndiyo video uliyoiona ulipoamka: mdogo wako anasimamia kukatwa kwa kufuli lako. Naelewa jinsi ilivyoonekana. Lakini ungepiga simu kwanza, ukauliza kwanza, mimi ni mdogo wako wa tumbo moja.

Tukahesabu mbele ya wote, pesa kwenye sahani, wahesabuji wawili, kwa sauti. Kila hisa ya 5,000 ikarudi 4,100. Wale wa Marekani walianza kulipwa 1875, shilingi ishirini kwa mia, tuseme hivyo, na vipande vipande mpaka 1883 jumla ikafika 62 kwa kila 100, tena kwa waliopata. Ilibidi kitabu kipelekwe Washington kikakaguliwe, na wengi hawakupeleka, au walikwishakufa. Sisi tulilipa siku moja, kabla ya adhuhuri. Sikubakiza hata senti ya kununulia kalamu. Hisa zangu nilizichukua mwisho kabisa.

Nimeandika yote haya nikiwa na hakika kwamba ningemaliza ukiwa umenielewa. Lakini kitabu cha Mama kiko hapa mezani, na kuna jambo ambalo lazima nilitoe.

Ile hesabu ya usiku kucha na mweka hazina tuliifanya wiki mbili kabla ya mkutano. Tulikubaliana tusiseme kwanza, watu wasije wakavamia. Katika wiki mbili zile vikao vilikuwa viwili, na vyote viwili nilikaa kwenye kiti changu nikapokea hisa kama kawaida. Mama alikuja na pesa ya nazi, amezifunga kwenye pindo la kanga. Alinunua tano, Jumamosi iliyofuata akanunua tano tena, kiwango cha juu kabisa. Akaniuliza, "Kikundi kizima, mwanangu?" Nikamwambia kizima, Mama. Muhuri niliugonga kwa mkono wangu.

Hakuniuliza tena mpaka amekufa. Siku ya mgao alipokea alichopewa, akasema alhamdulillahi, akakiingiza kitabu kifuani.

Basi jana usiku nimehesabu na mimi kwa kidole kama yeye. Mihuri mia mbili na kumi na nne. Wewe ulisema mia mbili kasoro, mama mdogo alisema mia mbili, sote tulikosea. Nimekutumia picha za kila ukurasa kwa simu ya binti yako ili uhesabu mwenyewe. Hizo kumi za mwisho, ukurasa wa mwisho usio na tundu la pini, wino wake umekoza kuliko zingine. Ni shilingi elfu hamsini. Upungufu wake alikwishaubeba pamoja na wengine, lakini mimi nazilipa zote, kana kwamba hazikuingia sandukuni kamwe. Nimezitenga kwenye bahasha. Mama mdogo anataka zitolewe sadaka msikitini. Mimi nimesema tusubiri, wewe ndiye mkubwa. Sema zifanyiwe nini.