Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: tarehe ya Kilwa iingie darasani

YAH: KUWEKA MASIMULIZI MATATU YA KILWA KATIKA KITABU CHA MWANAFUNZI

Mheshimiwa Waziri,

Muhula uliopita niliwavusha wanafunzi wangu kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kisiwani. Tukakaa kwenye kivuli cha Msikiti Mkuu, nikawasimulia kama kitabu kinavyosimulia: Washirazi walikuja, wakakinunua kisiwa kwa nguo, wakaweka usultani. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, nani kasema? Na yeye alisikia kwa nani?" Wenzake wakacheka, maana hilo ni swali la alasiri, la chuoni, ustadhi anapowafundisha hadithi na majina ya wapokezi wake. Mimi sikucheka. Kitabu nilichoshika mkononi hakikuwa na jibu.

Jibu lipo, tena si moja.

Kuna tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, Kitab al-Sulwa. (Nasema "tarehe" kama wazee wa pwani walivyosema. Baadaye tukaletewa "historia" kutoka Ulaya, na "tarehe" tukaishusha ikawa siku ya kalenda.) Nakala iliyotufikia ilitoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, akapewa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, ikaishia London, na mwaka 1895 S. Arthur Strong akaichapisha. Humo mfalme wa Shiraz anaota panya mwenye pua ya chuma akiuguguna ukuta wa mji. Anaona nchi yake itaangamia, basi anaondoka na wanawe sita kwa merikebu saba, na kila moja inatia nanga mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, ya baba mwenyewe Nzuani, huko Komoro.

Sasa msome João de Barros, Mreno aliyekuwa afisa wa Casa da Índia, ofisi ya mfalme ya biashara ya ng'ambo, mjini Lisbon na ambaye hakuwahi kukanyaga Kilwa. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505. Mwaka 1552 Barros akatoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya Wareno baharini, na humo anasema wazi kwamba anafuata tarehe ya wafalme wa mji huo. Lakini kwake merikebu ni mbili, zimeng'oa nanga Hormuz. Kiongozi wao, Ali, ni mtoto wa suria wa Kihabeshi, anadharauliwa na nduguze waliozaliwa na binti wa kifalme wa Uajemi, naye anaamua kwenda kutafuta bahati yake. Mogadishu na Barawa anazipita kwa sababu watu wa huko ni wa madhehebu mengine.

Hebu litafakari hilo, Mheshimiwa. Barros ndiye ambaye Wareno wenyewe wamemwita Livius wao, kwa jina la mwanahistoria wa Roma, kwa jinsi alivyotaka kuandika kama Warumi wa kale. Ndani ya kitabu cha namna hiyo ameweka nasaba ya masultani Waislamu wa Kilwa, karibu kama alivyoipokea. Kabla ya Strong, msomaji wa Ulaya aliyetaka kuijua Kilwa ya zamani alipitia humo. Tarehe yetu ilikuwa imo ndani ya historia yao, na sisi tunawafundisha watoto kwamba hayo ni masomo mawili yasiyojuana.

Wala si Kilwa peke yake. Karne ya 10 huko Córdoba, kitabu cha Orosius, padri wa karne ya 5, kilitolewa katika Kilatini kikaingizwa katika Kiarabu. Ibn Khaldun, mwanahistoria mzaliwa wa Tunis mwaka 1332, alipohitaji habari za Warumi alichota humo, na jina la padri akaliandika Hurushiyush. Kisha mkondo ukageuka: mwaka 1858 Quatremère akaichapa Muqaddimah ya Ibn Khaldun mjini Paris, na katika miaka ya 1860 de Slane akaifasiri kwa Kifaransa. Karne iliyofuata Taha Hussein, Mmisri, akaenda Paris kuandika tasnifu ya udaktari juu ya Mtunisia huyo. Lakini tusijidanganye. De Slane huyo huyo alikuwa amekwisha kufasiri habari za Waberberi kwa ajili ya wizara ya vita ya Ufaransa, wakati jeshi lake liko Algeria. Si kila aliyefungua kitabu alitaka kusoma tu.

Na kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Waandishi wa kikoloni waliipenda habari ya Shiraz, kwani iliwapa sababu ya kusema mji wa mawe hauwezi kuwa kazi ya Mwafrika. Zanzibar, mwaka 1957, neno "Shirazi" likaingia hata katika jina la chama cha siasa. Mwaka 1965 Neville Chittick, baada ya kuchimba Kisiwani na kupima sarafu, alisema nasaba hiyo ilianza mwishoni mwa karne ya 12, na kwamba watu wake walitoka Banadir, pwani ya Somalia, si Uajemi moja kwa moja. Tukadhani imekwisha. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya pwani: mababu wa kiume wengi wametoka Asia, hasa Uajemi, na mabibi karibu wote ni Waafrika, mchanganyiko ukianza yapata mwaka 1000. Mwandishi wa Kiarabu aliyeandika merikebu zimejaa wana wa kiume, bila neno juu ya wake, amepata na amekosa kwa wakati mmoja.

Simulizi la tatu ni la Kiswahili, nalo ndilo ninalolipenda zaidi. Carl Velten alilichapisha Ujerumani mwaka 1907. Hapa mwenye kisiwa ana jina, Mrimba, ni Mmachinga, na ana binti. Mgeni anamwoa binti kwanza, ndipo anaomba kisiwa. Nguo ya kukinunulia inatandazwa hapa pia.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni kurasa sita katika kitabu cha Historia ya Tanzania na Maadili. Masimulizi hayo matatu yakae bega kwa bega kwa Kiswahili, bila mhariri kuyayeyusha yawe aya moja. Wapo watakaosema naingiza dini darasani. Siombi hivyo. Al-Tabari, mwanahistoria Mwislamu aliyefariki Baghdad mwaka 923, aliweka habari zinazopingana moja baada ya nyingine, akamtahadharisha msomaji mapema kwamba akikuta jambo la kumkera ajue limetoka kwa waliolipokeza. Ndivyo mwanahistoria wa leo anavyotakiwa kufanya, awe Dodoma au Lisbon. Mwanafunzi wa pwani anayo nusu ya ujuzi huo tangu utotoni, ila hakuna aliyemwambia kwamba unatumika pia asubuhi.

Mtihani nao utazame. Swali la "taja sababu tano" halina nafasi ya kuuliza kwa nini merikebu ni saba hapa na mbili pale.

Yule binti bado yuko kidato cha pili. Nimemwahidi jibu kabla hajafika cha nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Lindi