Risala ya Klabu ya Mieleka ya Wasichana kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo ya Shule

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Katika risala hii tumeona tukueleze habari za mwanamieleka Sakshi Malik wa India, kwa kuwa yote tutakayokuomba yamo katika maisha yake.

Sakshi alizaliwa mwaka 1992 kijijini Mokhra, wilaya ya Rohtak, jimbo la Haryana. Baba yake alikuwa kondakta wa mabasi Delhi; babu yake alikuwa mwanamieleka. Alianza mazoezi Rohtak akiwa na umri wa miaka 12 hivi, chini ya mwalimu Ishwar Dahiya. Mwalimu huyo alisemwa sana kwa kuwafundisha wasichana mieleka, lakini hakuacha. Wasichana wakiwa wachache, Sakshi alikamatana na wavulana.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Agosti 2016 alishiriki Olimpiki ya Rio, mtindo huru, uzito wa kilo 58. Robo fainali alishindwa na Valeria Koblova wa Urusi. Katika mieleka, ukishindwa na mtu ambaye baadaye anaingia fainali, unapewa nafasi ya kuwania shaba. Sakshi aliitumia: akamshinda Orkhon Purevdorj wa Mongolia, kisha akakutana na Aisuluu Tynybekova wa Kirigizistani. Hadi mapumziko alikuwa nyuma 0-5. Kipindi cha pili akaanza kuivamia miguu ya mpinzani, pointi zikapanda hadi 5-5, na sekunde chache kabla ya mwisho akamwangusha tena kwa pointi mbili. Upande wa pili ukakata rufaa, waamuzi wakatazama video, rufaa ikatupwa na pointi moja ikaongezwa: 8-5. Hiyo ndiyo ilikuwa medali ya kwanza ya India kule Rio, na Sakshi akawa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kupata medali ya mieleka katika Olimpiki. Sisi tumeitazama video hiyo mara nyingi, na bado tunapiga kelele.

Mwaka 2022 mjini Birmingham alitoka nyuma tena, 0-4, akashinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Mwaka uliofuata hakuwa ulingoni. Alikuwa barabarani Delhi, pamoja na wanamieleka wenzake Vinesh Phogat na Bajrang Punia, wakidai haki kwa wanamieleka wa kike waliosema wamenyanyaswa kingono na rais wa shirikisho lao. Kiongozi huyo alikana. Mwezi Mei polisi waliwakamata wakiandamana kuelekea Bunge jipya. Mwezi Desemba mtu wa karibu wa kiongozi huyo alipochaguliwa kuwa rais wa shirikisho, Sakshi aliweka viatu vyake vya mieleka mezani mbele ya waandishi wa habari, akilia, akatangaza kustaafu. Alikuwa na miaka 31. Kwetu sisi tukio hilo linauma kuliko kushindwa kokote.

Kwa hiyo, mheshimiwa, tunaomba mkeka wa mieleka, maana sasa tunabwagana kwenye nyasi za uwanja wa mpira na mabega yanaumia. Tunaomba mwalimu wa kike wa kusafiri nasi kwenye mashindano. Na zaidi ya yote tunaomba ateuliwe mtu asiye kiongozi wa klabu, ambaye msichana anaweza kumpelekea malalamiko yake bila kuogopa kuondolewa kwenye timu.

Tunaomba kuwasilisha.