Balbu za waifai nyingi mnazotupa ni nzima, wauzaji tuambieni ukweli pale pale kaunta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wauzaji wa vifaa vya umeme hapa Dodoma na mafundi wenzangu. Siku hizi hizi balbu za waifai, zile unazowasha kwa simu na kubadilisha rangi, zimejaa kila mahali, kuanzia madukani pale Majengo mpaka huku mitaani Nkuhungu, Ilazo na Kisasa, na bei imeshuka mpaka mtu wa kawaida anazimudu. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, nazifunga na nazipenda. Ila kinachoniuma ni watu kuzitupa zikiwa nzima kabisa, wanarudi kwenye taa za kawaida na hela imeshapotea, na dukani wakirudi wanajibiwa "labda mtandao wako" basi imeishia hapo.

Sababu inayojirudia kuliko zote ni hii. Balbu hizi za bei ndogo zinashika waifai ya gigahezi 2.4 peke yake (gigahezi ni kipimo cha mawimbi ya waifai). Ya gigahezi 5 haziioni, ni kama redio ya bendi moja, hata ukizungusha vipi stesheni ya bendi nyingine hupati. Na sio ubovu, wametengeneza hivyo makusudi kwa sababu chipu yake ni rahisi na mawimbi ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba rauta nyingi za sasa, yaani kile kifaa kinachorusha waifai nyumbani, zinarusha yote mawili kwa jina moja, simu yako inakamata 5 kwa sababu ina kasi, na hapo unapotaka kuunga balbu inagoma na programu haikwambii kwanini.

Kuna mwalimu mstaafu kule Kisasa alinipigia akasema mwanangu njoo unifungie taa za kawaida, hizi nilizouziwa zimekufa. Nimefika, shikamoo mwalimu, marahaba, nikakuta kashazitoa zote kazirudisha kwenye maboksi yake. Nikachukua moja nikaifunga sebuleni, nikabonyeza swichi, ikawaka nyeupe kali. Sasa balbu inayowaka hivyo imekufa wapi? Nikaizima na kuiwasha haraka haraka mpaka ikaanza kukonyeza kwa kasi, maana yake iko tayari kuungwa, mwalimu akafungua programu kwenye simu yake akaweka paswedi, kile kiduara kikazunguka kikakaribia mwisho kikagoma. Akaniangalia akasema, "Umeona?" Nikamwomba simu tukaangalia ameunganishwa na waifai gani, iko kwenye 5. Kwa ruhusa yake nikaingia kwenye rauta nikatenganisha majina, ile ya 5 ikabaki na jina lake la zamani na ya 2.4 tukaiita Mwalimu2, simu ikahamia Mwalimu2, tukarudia. Balbu ikaacha kukonyeza, ikatulia. Mwalimu mwenyewe akaigeuza ya bluu, halafu akaiweka ule mwanga wa njano hafifu wa jioni, akaita wajukuu waje waone. Baadae simu yake akairudisha kwenye 5 na taa zinamsikia kama kawaida, maana ikishaungwa haina shida simu iko upande upi.

Hilo ndo muuzaji alitakiwa kulisema, sentensi moja tu.

Sasa wengi wetu hapa mjini hatuna rauta ya faiba, tunatumia hotspoti ya simu au kile kikasha cha waifai cha laini. Hapa ndo wateja wanaumia zaidi. Baba anaunga taa kwa hotspoti ya simu yake usiku, zinafanya kazi vizuri, asubuhi anaondoka na simu kwenda Mtumba kazini na nyumba nzima taa zimebaki yatima, mama akifungua programu anaambiwa kifaa hakipo mtandaoni. Hamna kilichoharibika, waifai imeondoka na baba. Balbu hizi zinataka mtandao unaokaa nyumbani muda wote, na kama huna huo bora ununue taa ya kawaida au ile yenye rimoti yake na hela yako ibaki. Halafu hotspoti za simu nyingi mpya zinaanzia gigahezi 5, kwenye Android ingia sehemu ya hotspoti uchague 2.4, na kwenye iPhone kuanzia 12 kuna kitufe kimeandikwa "Maximize Compatibility", kiwashe. Vikasha vya laini navyo vingine vinakubali vifaa 10 tu kwa mara moja, ukihesabu simu za watoto na televisheni nafasi imeshajaa, balbu inapigwa chini na wewe unalaumu balbu. Na bando likiisha programu inaweza isiitikie kabisa, kwa sababu amri nyingi zinapitia kwenye kompyuta za kampuni huko nje ndo zirudi kwako, ingawa taa ipo mita mbili kutoka ulipokaa. Swichi ya ukutani bado inawasha, usihangaike.

Umeme nao. Ukikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, hivyo hivyo mara kadhaa kwa haraka, balbu inaelewa kwamba kuna mtu anaizima na kuiwasha ili aiunge upya, kwa hiyo inafuta kumbukumbu zake na unaikuta inakonyeza. Watu wanadhani imeungua. Haijaungua, iunge upya, na siku umeme unapocheza zima swichi za hizo taa mpaka utulie. Watoto kuchezea swichi kunaleta kitu kile kile. Kuna wakati mwingine umeme ukirudi balbu inawaka sekunde ile ile lakini rauta inachukua dakika mbili tatu kuamka, balbu nyingine za bei ndogo zinatafuta mtandao zikikosa zinakata tamaa, hapo subiri rauta iwake vizuri halafu zima taa, hesabu mpaka kumi, washa mara moja tu. Mara moja! Ukirudia rudia ndo unaifuta. Na kwenye programu nyingi kuna sehemu ya kuchagua balbu ifanye nini umeme ukirudi, weka ibaki kama ilivyokuwa, la sivyo umeme ukirudi saa nane usiku nyumba nzima mnaamshwa na mwanga.

Mengine niyapitie haraka. Rauta ikiwa imewekwa ulinzi wa WPA3 peke yake balbu nyingi haziungi, weka WPA2. Kama rauta inaruhusu kuchagua chaneli ya 2.4 weka 1, 6 au 11. Waifai ya wageni mara nyingi inazuia vifaa visionane, usiungie huko. Wakati wa kuunga washa Bluetooth na uruhusu programu ijue mahali ulipo, ukikataa simu nyingi haziioni balbu kabisa. Na hizi balbu usizifunge kwenye swichi ya kupunguza mwanga ya ukutani, zinaweza kupepesa na mwisho zikaungua kweli.

Ombi langu kwa wenye maduka, andikeni kwa makapeni kwenye karatasi pale kaunta: inashika 2.4 tu, inahitaji waifai ya kudumu nyumbani. Kwenye boksi yapo hayo ya 2.4 lakini kwa herufi ndogo mno na kwa Kiingereza, mama aliyetoka Nzuguni na hela yake ya kikoba hawezi kuyaona. Mkiweza muwe na holda moja mezani na waifai ya dukani, mteja aungiwe moja akiona kabla hajalipa. Na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kama wanasoma hapa naomba walifikirie suala la maelezo ya Kiswahili kwenye maboksi ya vifaa hivi.

Kwa mafundi wenzangu kuna jambo nalisema kwa uchungu kabisa. Acheni kusajili taa za mteja kwa akaunti zenu. Mnafanya hivyo kwa sababu ni haraka, simu yako ina programu tayari, unaunga unaondoka, ila maana yake wewe uliyeko Chang'ombe unaweza kuzima taa ya chumba cha mtu Iyumbu, na siku umebadilisha simu au umehama mkoa yule mtu hawezi kuiunga kwake kwa sababu taa nyingine zinabaki zimefungwa kwenye akaunti ya kwanza mpaka uiondoe wewe. Fungua akaunti kwa namba ya mteja, kwenye simu yake, paswedi aandike mwenyewe, na kabla hujabeba ngazi yako mwache azime na kuwasha kila taa mbele yako.

Fundi umeme,
Nkuhungu, Dodoma