Kwenye kipimo cha sida wanaume wako wapi?

Bwana mhariri,

Mi nakaa Kadutu hapa Bukavu, na kila nikipita kwenye sentre ya afya ya mtaa naona benchi ya kungojea kipimo cha sida (ukimwi) imejaa wamama wajawazito tu, juu wao wakija konsiltasio ya mimba wanapimwa palepale, wanaume hakuna, labda kijana mmoja mwenye anataka kuoa na pasta ameomba karatasi. Baba yeye anangoja bibi apime, akikutwa mzima basi naye anajihesabu mzima! Wapi, bibi na bwana wanaweza kupata majibu tofauti kabisa. Na kupima kwenyewe ni tone ya damu ya kidole, dakika kama 20 jibu liko mkononi, dawa ni bure, na mwenye anazimeza vizuri mpaka virusi havionekani tena kwenye kipimo hamwambukizi bibi yake kitandani. Wanasema wanaogopa majirani, hapo nakubali, ile benchi iko barazani mbele ya kila mtu (nani aliiweka pale sijui). Basi waisogeze ndani, na wafungue hata saa moja jioni wakati wamotari na wabeba mizigo wametoka kazi.

Msomaji wenu, Kadutu