Kangaga limeshika shamba la baba

Nyamisati, 14 Aprili

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaikum. Huku wazima, isipokuwa mguu wa Shangazi Tatu, na Bakari kaoa tena (usiniulize). Nimekaa kimya tangu arusi ya Mwajuma, najua, na najua umeshanisema vya kutosha. Leo nakuandikia kwa shida, na shida yenyewe ni majani. Cheka tu.

Unalikumbuka shamba la marehemu baba, ng'ambo ya mto, pale alipofyeka mikoko akapanda mpunga? Miaka ya mwanzo tulivuna mpaka magunia yakatuishia. Baadaye magugu yakamzidi, kaa wakawa wanakata miche usiku, akaliacha. Mwaka jana kikundi chetu kikasema turudishe mikoko. Tukachomeka mbegu, zile ndefu kama mwiko, siku tatu matope mapajani. Mwezi uliopita, bamvua, maji yalipojaa sana, nimekwenda na mtumbwi, nakuta kangaga, lile jani la topeni lenye makuti, limefunga shamba zima, limenipita kimo. Mbegu zangu sizioni.

Nikalitia panga kwa hasira. Wiki mbili baadaye nimerudi: vichipukizi vimejaa, vyekundu-vyekundu, vimejikunja kama mkia wa kinyonga. Kumbe shina lake liko chini kwenye tope, nene, gumu, wewe unakata nywele tu. Kaka yangu anasema huko Asia wanayala machipukizi yake, tuyatie nazi. Aanze yeye.

Halafu, Zuhura, nikaugeuza ukuti mmoja mkubwa. Vijani vya chini ni kijani mbele na nyuma, lakini vile vya nchani vimepakwa unga wa rangi ya kutu mgongo mzima. Ukanishika kwenye kanga. Nikajua ni ugonjwa, nikafurahi! Bwana misitu akanicheka: ndiyo uzazi wake huo. Halina ua, halina tunda, linapeperusha vumbi tu, ndiyo maana kangaga hilihili liko mpaka pwani za Amerika. Vumbi likitua kwenye tope wakati chumvi imepungua, linaota. Na sasa hivi masika, mto umejaa, maji karibu yanyweke.

Ninachokirudia kichwani ni hiki. Ukiingia chini ya mikoko mizima hapo jirani, unaliona moja moja pembeni, dhaifu. Halipendi giza. Sisi ndio tuliolifungulia paa. Baba, Mungu amrehemu, alilikaribisha bila kujua, na mimi namtukana mgeni.

Sasa kuna jambo jingine. Nilipokuwa nafyeka nimekuta miche mitatu ya mchu, ile aina nyingine ya mikoko, katikati ya kangaga, imesimama, majani safi. Hatukuipanda sisi, imeletwa na maji. Hatua kumi mbele, kwenye tope tupu lililopasuka kwa jua, hakuna hata mmoja. Basi kivuli kile kiliificha? Au imebahatika tu, na mwakani itasongwa kama mikoko yangu? Nimeweka panga chini. Mweka hazina wetu kanuna, anataka tusubiri kiangazi tuchome moto. Nimemwambia shina liko topeni, utachoma makuti, na hiyo michu mitatu je? Hajanijibu, ila kikao kijacho... utasikia.

Ndiyo nikakukumbuka wewe. Yule kaka yake Salma aliyesomea misitu bado yuko Dar? Muulize: tufyeke njia njia tupande katikati, au tung'oe lote? Na pale tulipochomeka mkoko, pengine palikuwa pa mchu tangu zamani? Nikikutumia picha ya vile vijani vyenye unga utamfikishia? Utakuja lini, kabla boti haijapandisha nauli? Mama anakula vizuri? Na sinia langu la pilau, Zuhura, bado unalo au nalo umeliozesha?

Wako,
Mwanahawa